Kibodi Niliyoiosha Jumamosi

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta uzi mweusi kwenye kopo la biskuti ambalo mama yangu anawekea vikorokoro vyake vya kushonea. Humo, katikati ya vifungo na sindano, nikakuta kitufe cha kibodi chenye herufi Z. Kimekuwa cha njano kama jino la mvuta sigara. Nilikinusa kabla sijajua ninachofanya, na naapa kilikuwa bado kinanuka sabuni ya unga. Mama alikuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Aliniuliza mbona nimenyamaza ghafla, nikamwambia nimekutana na mtu ninayemfahamu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kariakoo mnaikumbuka ile miaka. Kila kitu kilikuwa kinaingia kwa mpigo: redio, baiskeli, mitumba ya nguo, mitumba ya friji, hadi mitumba ya kompyuta zilizoshushwa kwenye makontena zikiwa bado na stika za maofisi ya Ulaya. Na wakati vitu vinaingia, watu walikuwa wanatoka. Mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine, na waliokuwa humo wakapewa barua. Mama alikuwa mpiga chapa katika mojawapo, kwa miaka kumi na saba. Asubuhi moja bosi wake alimpa kazi ya kuchapa barua nane za kuwapunguza kazi wapiga chapa wenzake. Alizichapa huku machozi yanamtoka. Mchana bosi akamrudia na jina la tisa, na lilikuwa la kwake.

Hakuwahi kulisahau hilo, wala sisi hakutuacha tulisahau. Alisema kufukuzwa ni kitu kimoja, lakini kulazimishwa kuchapa barua ya kufukuzwa kwako mwenyewe, halafu urudishiwe kwa sababu umekosea nafasi ya mkato, hicho ni kitu kingine. Siku hiyohiyo, wakiwa wamesimama nje ya geti wanane na yeye, aliwaambia wenzake wampe muda. Atajifunza kompyuta, kisha atawafundisha, na mwenye kampuni mpya iliyonunua shirika atawaita mwenyewe.

Kiinua mgongo chake kikageuka kompyuta saba za mitumba. Nafasi ya kuziweka ilikuwa fremu moja ya chini katika jengo la ghorofa mbili, jirani na wauza viungo. Fremu ilikuwa ya Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, mfanyabiashara wa sufuria na mabeseni kwa jumla. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, tukimwona kwa msimu kama machungwa. Baba Mkubwa alimpa Mama miezi mitatu. Darasa likianza ndani ya miezi hiyo, fremu ni yake. Lisipoanza, sufuria zinaingia. Sisi Wachaga tukipeana ndugu kwa ndugu huwa tunapeana na masharti, na Baba Mkubwa alikuwa hana masharti mawili, alikuwa na hilo moja tu.

Aliyezifunga kompyuta zile ni kijana mmoja mrefu aliyekuwa akisoma chuo kikuu, tukimwita Kaka Deo. Ndiye aliyemshawishi Mama aweke Linux. Alisema ni mfumo wa bure, hauugui virusi, na kompyuta sita zitakuwa zinaitegemea ile ya saba, kubwa, iliyokaa kwenye kona. Mama aliposikia neno bure alikubali kabla sentensi haijaisha. Kisha Deo akatueleza kuhusu root. Alisema kila mwanafunzi atakuwa na jina lake na neno lake la siri, lakini yuko mmoja juu ya wote, anaitwa root, na huyo ndiye mwenye nyumba. Anafungua kila mlango, anakaribisha wageni, anafukuza. Bila yeye huwezi kumwandikisha mwanafunzi hata mmoja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa kwamba ndani ya ile kompyuta ya kona kuna mzee. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimwona kabisa, mzee wa Kizungu mwenye miwani, amekaa gizani na rundo la funguo, hapendi kelele. Kila nilipotoka shule nilipita pale kwenye kona nikasema kimoyomoyo, "Shikamoo, mzee root." Feni ya ndani ya kompyuta ikivuma, nilihesabu ndiyo marahaba yangu.

Deo alipofika mahali pa kuweka neno la siri la root, aliinuka kwenye kiti akamwambia Mama akae, achague neno mwenyewe, asimwambie mtu. "Hata mimi usiniambie, Mama Neema," alisema, akageukia ukutani kama mtu anayesubiri mwenzake avae. Mama alifikiri kidogo. Kisha akachapa kwa kasi ile ya ofisini, mara mbili, trrr, trrr, hakuna kilichoonekana kwenye kioo. Nikauliza mbona haiandiki. Deo akasema inaandika, ila haionyeshi, ili anayechungulia asijue hata urefu wa neno. Mimi nikajiambia mzee ana masikio makali, ameambiwa kwa kunong'onezwa.

Deo akaondoka kwenda Moshi msibani. Darasa lilipangwa kuanza Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya mwisho kabisa ya ile miezi mitatu. Kazi iliyobaki ilikuwa moja: kuingia kwa jina la root na kuwaandikisha wale wanane. Deo alikuwa amemwachia Mama hatua zote kwenye karatasi, na Mama alisema ataifanya Jumapili akitoka kanisani.

Jumamosi aliniacha pale nipige deki. "Jumatatu nataka kila kitu king'ae," alisema, akaenda zake sokoni. Nikang'arisha sakafu, nikang'arisha madirisha, nikafika kwenye kona ya mzee. Zile kibodi nyingine sita zilikuwa bado zimefungwa kwenye nailoni, lakini ya kwake ilikuwa chafu, inatia aibu. Kulikuwa na mafuta ya vidole vya Ulaya, na juu yake vumbi la mtaa wetu, ambalo lilikuwa na bizari na mdalasini ndani yake. Nikachukua mpini wa kijiko, nikang'oa kitufe cha kwanza. Kilitoka kirahisi, tak. Cha pili, tak. Utamu wa kazi hiyo naukumbuka vidoleni hadi leo. Niliving'oa vyote vya herufi, nikavitia kwenye beseni la sabuni ya unga, nikavisugua kwa mswaki, nikavianika kwenye kanga juani.

Kuvirudisha hakukunitisha. Nilikuwa nimekua chini ya meza ya taipureta ya Mama. Mstari wa juu niliujua kama wimbo, wa katikati pia. Wa chini niliukumbuka katikati tu, C, V na B. Zikabaki nafasi mbili mwanzo na nafasi mbili mwisho, na mkononi nina X, Z, M na N. Nikafikiri kama mtoto aliyekuwa wa pili darasani. X inatangulia Z, M inatangulia N, alfabeti ndivyo inavyosema, na Mzungu hawezi kukosea alfabeti yake mwenyewe. Nikazipachika hivyo. Kibodi iling'aa kama sahani za sikukuu, na sikumwambia mtu, nilitaka Mama aione mwenyewe afurahi.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye fremu, Mama bado na kilemba chake. Akawasha, akasubiri, akaandika root. Jina likaonekana vizuri. Akaandika neno la siri. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kwamba amekosea.

Lazima niwaeleze jinsi alivyokuwa anaandika, maana ndiko mambo yote yalikolalia. Mama yangu kwenye taipureta alikuwa haangalii mikono. Alikuwa anaongea na mtu, anapokea simu, anakukanya uache kuchezea karatasi, na vidole vinaendelea. Lakini siku ile alikuwa peke yake, Deo hayupo, na ile kompyuta ilikuwa haimwonyeshi anachoandika. Ikamtia woga. Akainama, akachomoa kidole kimoja cha shahada, akawa anatafuta herufi mojamoja kama kuku anayedonoa mtama. Akadonoa mara ya kwanza, ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Alijaribu hadi mara ya sita, ikakataa.

"Nimelisahau," alisema. "Neno lenyewe ninalo hapa, lakini labda silo."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijua kilichotokea. Nilikuwa nimemwosha mzee kwa sabuni bila kumwomba, na mzee amenuna. Nikasogea karibu na kompyuta nikasema kwa sauti, "Shikamoo. Samahani." Mama akadhani namwambia yeye.

Hapo ndipo kivuli cha Baba Mkubwa kikaziba mlango. Alikuwa na suti yake ya Jumapili.

"Shemeji, vipi? Inawaka?"

"Inawaka, shemeji."

"Naona inawaka. Nauliza inafanya kazi?"

Mama akajaribu tena mbele yake, ikakataa. Baba Mkubwa si mtu mbaya, wala hakucheka. Aliangalia kuta tu, kwa macho ya mtu anayepima rafu. "Kesho saa tatu mkokoteni wangu unakuja," alisema. "Nikikuta darasa, nitaurudisha. Nisipokuta, Mama Neema, usinione nina roho mbaya. Tulikubaliana."

Alipoondoka Mama aliniambia nimfuate juu. Ghorofa ya kwanza aliishi Mama Nilesh, Mhindu, mke wa mwenye duka la vitambaa. Yeye ndiye pekee katika jengo letu aliyekuwa na simu. Ilikuwa na kufuli dogo kwenye tundu la kupigia, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni pamoja na wa kabati la sukari. Mama alimweleza. Mama Nilesh akafungua kufuli bila kuuliza swali, jambo ambalo jengo zima lilijua si la kawaida yake, akapiga ile namba ya Moshi aliyoiacha Deo.

Simu iko juu, kompyuta iko chini, na waya haufiki. Kwa hiyo Mama akarudi chini, na mimi nikawa waya. Nilipanda na kushuka ngazi zile thelathini na mbili mara ngapi sijui. Deo anasema tazama taa ya herufi kubwa kama inawaka. Nashuka. Haiwaki. Napanda. Deo anasema chomoa kibodi, chomeka tena, washa upya. Nashuka. Bado inakataa. Napanda nahema. Mama Nilesh akanipa maji, akanishikia simu sikioni.

"Neema, sikiliza vizuri," Deo alisema. "Tunaingilia mlango wa nyuma. Mwambie mama azime, awashe. Mwanzo kabisa itasimama kidogo kumsubiri. Hapo aandike linux, aache nafasi, aandike single. Kwa mlango huo haiulizwi siri. Atamwekea root neno jipya, basi. Na hapo maandishi yataonekana, asiogope."

Nilishuka nikikariri njia nzima. Mama akazima, akawasha, akainama na kile kidole chake. Akadonoa. Safari hii herufi zilitokea kwenye kioo mbele yetu. Kioo kilisema limuz simgle.

"Kidole kimeteleza," Mama alisema. Akafuta, akaandika tena, polepole zaidi. Limuz simgle.

Nilipanda juu nikamtajia Deo herufi kwa herufi. Kule Moshi nikasikia watu wa msibani wakiimba kwa mbali.

"Umesoma sawasawa?"

"Ndiyo. L, I, M, U, Z."

"Na ukibonyeza N inatoka M. Ukibonyeza X inatoka Z." Alikuwa anaongea peke yake. Kisha akasema neno ambalo lilinishusha roho hadi kwenye malapa. "Neema, kamuulize mama. Nani kaigusa hiyo kibodi?"

Ngazi thelathini na mbili. Nimewahi kusimama mbele ya wakurugenzi tangu siku ile, nimewahi kuwaambia watu kwamba kazi yao ya mwaka imepotea, lakini sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Ningeweza kubadilisha ujumbe. Ningesema Deo kasema subiri, Deo kasema mashine ni mbovu, mbona Mama angeamini? Yeye ndiye aliyenifanya waya, na waya ukidanganya nani atajua? Nilikaa kwenye ngazi ya katikati. Nilisikia Mama kule chini akiomba kwa Kichaga, na alikuwa hasali Kichaga ila mambo yakiwa mabaya sana. Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema. Sikuwa na mpango wa kuzaa, lakini niliuelewa msemo huo siku ile.

"Kaka Deo anauliza nani kaigusa kibodi," nilisema mlangoni. "Ni mimi. Niling'oa herufi nikazifua. Nne sikujua zinakaa wapi, nikazipanga kialfabeti. Mzee amekasirika."

"Mzee gani?"

"Root."

Mama alinitazama. Akaitazama kibodi, X yangu mwanzoni na Z ikifuata, N mwishoni kabisa, zinang'aa. Nilisubiri kofi. Badala yake akafungua kanga aliyokuwa amejifunga juu ya gauni la kanisani, akaikung'uta.

"Njoo hapa," alisema. "Unajua tulivyofundishwa kupiga chapa? Mwalimu wetu alitufunika mikono kwa kitambaa. Mwezi mzima. Ukichungulia, rula. Alisema anayetazama herufi bado ni mwanafunzi." Akaketi, akanyoosha mgongo, na nikaona akirudi kuwa yule mwanamke wa ofisini niliyemjua, kidevu juu, mabega chini. "Mimi siku nzima nimekaa nachungulia. Miaka kumi na saba, Neema, nachungulia! Washa upya. Hatuingilii mlango wa nyuma. Ni nyumba yangu."

Alitandika kanga juu ya kibodi na juu ya mikono yake. Mistari mingi ikapita kwenye kioo, ikasimama, ikauliza jina. Chini ya kanga vidole vikaandika root. Ikauliza siri. Mama akafumba macho. Trrr. Sauti ileile ya siku ile Deo alipotazama ukuta, ndefu namna ileile.

Ikatokea alama ya reli, #, ile ambayo Deo alikuwa ameichora kwenye karatasi yake na kuandika pembeni: ukiiona hii, umepokelewa na mwenye nyumba.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Najua Mama alipiga vigelegele hadi wauza viungo wakaacha kupima, na Mama Nilesh akatoka kwenye kibaraza cha juu akauliza, "Imekubali? Imekubali?" akarudi ndani mbio kumwambia Deo, tukamsikia Deo akishangilia msibani, jambo ambalo baadaye aliliombea radhi. Mimi nilirukaruka hadi malapa yakanitoka. Nilikuwa nimeharibu na nilikuwa nimesema, na dunia ilikuwa haijaisha. Mama alinivuta, akanibana kwenye gauni lake la kanisani lililojaa jasho, akasema, "Mwanangu, hakuna mzee humo ndani. Tazama vizuri. Ni mimi."

Alasiri ile tuliwaandikisha wote wanane. Mama alichapa, mimi nikasoma majina kutoka kwenye orodha, na yalikuwa majina yaleyale aliyoyachapa kwenye zile barua, kwa mpangilio uleule. Alipomaliza la nane alikunja ile kanga. Nikamuuliza kama nizirudishe zile herufi nne mahali pake. Akakataa. Akasema ziache hivyohivyo, na zile kibodi nyingine atazifunika.

Jumatatu saa tatu mkokoteni ulifika umejaa sufuria, Baba Mkubwa akitembea kando yake. Mlangoni alisimama. Ndani kulikuwa na wanawake wanane wamevaa nguo zao za ofisini, wawili kati yao wakigawana kompyuta kwa zamu, kila mmoja na kanga au kitenge kimefunika mikono, wanachapa wakitazama mbele kama wanaopigwa picha. Mvua juu ya mabati haina kelele tamu kama ile. Wakaitikia kwa pamoja, "Karibu, shemeji!"

"Wanaficha nini?" Baba Mkubwa alimuuliza Mama.

"Hawafichi kitu, shemeji. Mtu anayejua kazi yake hachungulii."

Aliwageukia vijana wa mkokoteni. "Rudisheni," alisema, kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya kitu cha mwenzake, akauliza kama na mwanamume anaweza kuandikishwa. Sita kati ya wale wanane waliitwa kazini na kampuni mpya kabla mwaka haujaisha. Wawili walikataa kurudi, wakabaki kufundisha na Mama.

Mimi siku hizi kazi yangu ndiyo hiyo, kutunza funguo za mashine za watu. Vijana wangu wakiniita kwamba neno la siri limekataa na wamelijaribu mara kumi, huwa nawauliza kwanza nani kaigusa kibodi. Wanacheka, hawajui natoka wapi.

Nilimpelekea Mama kile kitufe sebuleni, nikakiweka kwenye kiganja chake. Alikipapasa kwa kidole gumba, maana macho yake sasa hayaoni vitu vidogo, akatabasamu kabla sijamwambia ni nini. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kuthubutu kuuliza kwa miaka yote ile. Fremu ilishauzwa, mashine zilishakuwa chuma chakavu, hakuna mlango wowote duniani ambao neno lile lingeufungua tena. Hata hivyo alitazama kwanza huku na huku, kama yuko mtu anayechungulia.

"Sipunguzwi," alisema, akanirudishia Z yangu.